Ushujaa wa Watu wa Ziwa: Mafunzo ya Ajali Tatu za Nyanza

Utangulizi

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa letu, mara nyingi mawazo yetu huenda kwenye ngoma, nyimbo, michezo, mavazi na vyakula. Mambo hayo ni utamaduni kweli kweli, wala hatuna nia ya kuyapunguzia thamani. Lakini utamaduni wa watu ni pamoja na namna wanavyoikabili hatari: nani hukimbia, nani hurudi, nani hunyoosha mkono, na baada ya hatari kupita, ni jambo gani hukumbukwa na ni jambo gani huachwa likasahaulika. Hapo ndipo tabia ya jamii huonekana bila pambo lolote.

Katika insha hii tunakusudia kuutazama ushujaa wa watu wa Mwanza na wa ufuko wa Ziwa Viktoria kwa kuzifuata ajali tatu: kuzama kwa meli ya MV Bukoba mwaka 1996, kupinduka kwa kivuko cha MV Nyerere mwaka 2018, na kuanguka kwa ndege ziwani karibu na Bukoba mwaka 2022. Tumechagua ajali wala hatukuchagua vita, na tunayo sababu. Askari anapokwenda vitani anajua aendako, naye amefundishwa na kupewa silaha. Watu tutakaowaeleza hapa walikuwa wakienda sokoni, kazini na nyumbani kwao. Ushujaa uliwakuta njiani, ukawataka jibu papo hapo.

Pamoja na kuwasifu, tutajaribu kuuliza swali ambalo sifa nyingi hulikwepa: ushujaa huo ulihitajika kwa nini? Tunaamini kwamba anayemsifu shujaa bila ya kuuliza swali hilo amemtendea nusu ya haki yake.

Ziwa na wakazi wake

Ziwa Viktoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, nalo ni kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika. Hata hivyo si lenye kina kikubwa; mahali penye kina kuliko pote hapazidi sana mita 80. Kabla ya msafiri Mwingereza John Hanning Speke kulifikia karibu na Mwanza mwezi Agosti 1858 na kulipa jina la malkia wake, wenyeji walikuwa na majina yao. Waganda waliliita Nalubaale. Watu wa kusini waliliita Nyanza, maana yake maji makuu, na jina la mji wa Mwanza latokana na neno hilo.

Wakerewe, Wakara, Wajita, Wasukuma, Wazinza, Wahaya na wengineo wameishi kando ya maji haya kwa karne nyingi. Ziwa liliwapa samaki, likawapa njia ya biashara, tena likawapa hofu na heshima. Katika Ukerewe na Buhaya wazee walisimulia habari za Mugasa, ambaye kwa Wahaya huitwa Mugasha, mwenye kuyatawala maji na dhoruba. Mwanafunzi wa leo anaweza kuyaona mambo hayo kuwa ni imani za kale tu. Sisi twaona kwamba ndani yake mlikuwamo elimu ya kweli, yaani kwamba ziwa halizoewi. Wataalamu wa hali ya hewa wanatueleza kwamba usiku, nchi kavu inapopoa, upepo huvuma kutoka pande zote za ufuko kuelekea katikati ya ziwa ambako maji yangali na joto. Pepo hizo hukutana, hewa ikapanda juu, ikazaa mawingu ya mvua na radi. Ndiyo sababu dhoruba nyingi za Nyanza hutokea usiku na alfajiri, wakati ule ule mvuvi wa dagaa awapo majini na taa zake.

Mtu aliyelelewa katika mazingira hayo hujifunza mambo mawili tangu utotoni. La kwanza, kwamba maji hayamjui tajiri wala maskini. La pili, kwamba chombo kikipatwa na shida, msaada wa kwanza ni chombo kilicho jirani. Majini hakuna wa kumngojea. Mvuvi anayeona mwenzake amepinduka huacha nyavu zake akaenda, kwa sababu anajua kwamba kesho ni zamu yake.

Historia iliyoandikwa haikuwatendea haki watu wa namna hii. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alitoka Kageyi, kijiji cha ufuko wa Usukuma, akalizunguka ziwa zima kwa mashua. Vitabu vimejaa jina lake. Lakini mashua hiyo haikusukumwa na jina. Ilisukumwa na mikono ya vijana Waafrika waliokuwamo, pamoja na Saramba aliyekuwa kiongozi wa njia. Walipofika kisiwa cha Bumbire, watu wa kisiwa waliokuwa wakiilinda nchi yao waliwanyang'anya makasia. Vijana wale wakaisukuma mashua majini, wakazing'oa mbao za sakafu yake, wakapiga maji kwa mbao hizo mpaka wakaokoka. Miezi michache baadaye Stanley alirudi Bumbire akawapiga watu wa kisiwa risasi kutoka majini. Katika habari hiyo yote, waliopiga maji kwa mbao na waliokufa ufukoni hawana nafasi. Nafasi ni ya mtu mmoja. Tunalitaja jambo hili mapema ili msomaji atambue kwamba tabia ya kusahau majina haikuanza jana.

MV Bukoba, 1996

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilikuwa ikikaribia Mwanza baada ya safari ya usiku kutoka Bukoba kupitia Kemondo. Ilikuwa imelitumikia ziwa tangu mwaka 1979. Uwezo wake ulikuwa abiria 430, lakini siku hiyo ilikuwa imejaa kupita kiasi: wanafunzi, wafanyabiashara, akina mama na watoto, pamoja na shehena. Ikiwa karibu kumaliza safari yake, ililala ubavu, kisha ikapinduka, mkuku ukawa juu.

Ni watu wangapi waliokufa? Hapa ndipo tunapoanza kuona aibu. Abiria wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa, lakini wa daraja la tatu, yaani wananchi wa kawaida waliokuwa wengi kuliko wote, hawakuwa na orodha. Hesabu iliyotajwa mara nyingi yakaribia watu 900, na wengine wametaja zaidi. Maana yake ni kwamba wako watu waliopanda meli ile ambao hatujui hata kama walipanda. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Maiti walipangwa katika Uwanja wa Nyamagana ili ndugu waje kuwatambua, na wengi wakazikwa pamoja Igoma, nje kidogo ya mji, ambako makaburi yao yapo hadi leo.

Waliosalimika walikuwa wachache. Walishikilia chochote kilichoelea, au walipanda juu ya tumbo la meli iliyopinduka. Wavuvi na wenye vyombo vidogo walifika kuwaokota. Ndani ya meli, chini ya miguu ya wale waliokuwa juu, walikuwamo wengine walio hai, na sauti zao za kugonga chuma zilisikika.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo ni gumu kulisimulia, lakini hatuna haki ya kulificha. Watu waliokuwa wakiokoa, waliposikia kugonga kule, waliamua kulitoboa tumbo la meli ili kuwatoa waliokuwa ndani. Nani angaliweza kusikia sauti ya binadamu ndani ya chuma asishike kifaa akakata? Lakini meli ile iliyopinduka ilikuwa ikielea kwa sababu moja tu: hewa iliyokuwa imenaswa ndani yake. Tundu lilipopatikana, hewa ikatoka, maji yakapanda, nayo meli ikazama pamoja na waliokuwamo. Baadaye wapiga mbizi wa jeshi la majini la Afrika ya Kusini walikuja kusaidia, lakini kazi iliyokuwa imebaki ni ya kutafuta maiti.

Mwalimu anaweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili darasani kwa kopo tupu na beseni la maji. Likitumbukizwa kopo hali limeinamishwa mdomo chini, maji hayalijazi, kwa kuwa hewa iliyomo haina pa kutokea. Kisha kitako chake kitobolewe kwa msumari, likatumbukizwa tena vile vile. Hewa itatoka kwa mlio mdogo, na kopo litajaa. Jaribio hili halihitaji maabara. Laiti elimu hiyo ndogo ingalikuwa mikononi mwa watu wale siku ile, pamoja na vifaa vya kuitumia, huenda historia ingalikuwa na sura nyingine.

Hatuwalaumu waliotoboa. Walisukumwa na huruma, na huruma ndiyo mzazi wa ushujaa. Tunachosema ni kwamba ushujaa peke yake hautoshi. Moyo wa kuokoa ulikuwapo tele. Kilichokosekana ni maarifa, vifaa na maandalizi, na hivyo si vitu vya kumdai mtu mmoja mmoja aliyesimama juu ya meli akisikia kilio. Ni vitu vya kuidai jamii nzima na wale walioaminiwa kuiongoza.

Tunapotafuta majina ya mashujaa wa siku ile, tunakuta karibu hakuna yaliyohifadhiwa. Mvuvi aliyewaokota watu akarudi tena kuokota wengine alikwenda zake nyumbani. Mwanamke aliyemshika mtoto wa mwenziwe majini hakuulizwa jina. Vijana waliobeba maiti pale Nyamagana siku baada ya siku, kazi inayohitaji moyo mgumu kuliko ya kupigana, walirudi kwenye shughuli zao. Twajua kwamba walikuwapo, kwa sababu matendo yao yalionekana; majina tumeyapoteza.

MV Nyerere, 2018

Yapata miaka 22 ilipita. Alhamisi tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kiliondoka Bugolora katika kisiwa cha Ukerewe, kikielekea Bwisya katika kisiwa cha Ukara. Ilikuwa siku ya soko. Ukara ni kisiwa kidogo chenye watu wengi, nacho kimesifika tangu zamani kwa bidii ya wakulima wake wanaoutunza udongo kwa samadi na kulima karibu kila kipande cha ardhi. Kwa watu kama hao kivuko si anasa. Ndiyo barabara yao ya sokoni, ya hospitali na ya shule.

Kivuko kilijengwa kuchukua abiria 101. Siku ile kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati la Bwisya, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiwangoja ndugu zao. Walipatikana maiti 228, na watu 41 waliokolewa. Msomaji akijumlisha namba hizo ataona mwenyewe kwamba kivuko kilikuwa na watu zaidi ya mara mbili ya kiwango chake. Hata hapa hesabu tumeipata kwa kuwahesabu waliokufa na waliookoka, kwa maana ilielezwa kwamba mkata tiketi alifariki na mashine yake ikapotea. Lile lililotokea mwaka 1996 likajirudia: tulizijua idadi za watu wetu baada ya kuwatoa majini.

Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na wakazi wa Ukara. Hawakungoja kuagizwa. Waliruka katika mitumbwi, wakawavuta waliokuwa wakielea, wakarudi ufukoni, wakaenda tena. Giza lilipoingia kazi ya uokoaji ilisimamishwa mpaka asubuhi. Usiku huo, chini ya kivuko kilicholala kifudifudi, alikuwamo mtu mmoja aliye hai.

Mtu huyo ni Alphonce Charahani, fundi mitambo wa kivuko. Chombo kilipopinduka yeye alikuwa ndani, naye alijikuta katika nafasi ndogo karibu na mashine, ambamo hewa ilikuwa imenaswa. Tujaribu kuifikiri hali yake, ingawa fikira zetu hazitafika. Juu imekuwa chini. Giza ni totoro. Maji yamemzunguka, na hewa aivutayo ni ile ile, haiongezeki. Nje yuko jirani na gati analolijua, karibu na nyumba za watu, lakini kati yake na watu hao kuna maji na chuma. Usiku wa Alhamisi ukapita. Mchana wa Ijumaa ukapita, na usiku wake nao ukapita. Jumamosi tarehe 22 Septemba wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji walimfikia, wakamtoa akiwa hai, akapelekwa hospitali. Habari hiyo ilienea nchini kote kwa mshangao, kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kukata tamaa.

Wahenga wamesema, heri kufa macho kuliko kufa moyo. Kwa siku mbili macho ya fundi huyu hayakuwa na kazi, kwa kuwa hapakuwa na cha kuona. Kilichobaki ni moyo. Ushujaa tuliozoea kuusimulia ni wa kutenda: kukimbilia, kuruka, kuvunja, kubeba. Hapa twaona ushujaa wa namna nyingine, ambao ni kustahimili. Katika nafasi yenye hewa ya kipimo, mtu anayehangaika na kupiga mayowe huitumia hewa hiyo upesi. Anayetulia huishi muda mrefu zaidi. Kutulia huko si udhaifu. Ni kazi ngumu kuliko zote anazoweza kupewa binadamu mwenye hofu.

Tena tulitazame jambo la pili, ambalo ndilo kiini cha insha hii. Hewa iliyomhifadhi Charahani mwaka 2018 ni ndugu wa ile hewa iliyokuwa ndani ya MV Bukoba mwaka 1996. Mara ya kwanza ilipotea kupitia tundu lililokatwa kwa nia njema. Mara ya pili ilibaki mahali pake, na watu waliojua kuzamia wakaingia kwa njia ya maji. Tofauti ya matokeo hayo mawili haikutokana na ukubwa wa mioyo ya waokoaji. Ilitokana na njia waliyoweza kuitumia.

Rais John Magufuli alitangaza siku nne za maombolezo, na Jumapili tarehe 23 Septemba mazishi ya pamoja yalifanyika huko huko Ukara. Katika kisiwa kidogo, ambako kila mtu ni ndugu au jirani wa mwingine, waliochimba makaburi walikuwa wakiwachimbia watu wao. Huo nao ni ushujaa, ingawa haupigiwi makofi: kushika jembe wakati mikono inatetemeka, na kesho yake kwenda shamba au ziwani kwa kuwa walio hai lazima wale. Watu wa Ukara hawakuweza kulikimbia ziwa. Walirudi majini, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kuishi.

Bukoba, 2022

Ajali ya tatu haikuwa ya chombo cha majini, lakini ililetwa ziwani, na watu wa ziwa ndio walioipokea. Asubuhi ya Jumapili tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ya shirika la Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilikuwa ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Iliangukia majini, karibu na uwanja. Ndani yake walikuwamo watu 43. Waliopona ni 24. Waliokufa ni 19, wakiwamo marubani wote wawili.

Wavuvi waliokuwa karibu waliielekeza mitumbwi yao kwenye ndege iliyokuwa ikizama. Mmoja wao alikuwa kijana wa umri wa miaka 20 hivi, jina lake Majaliwa Jackson. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alitumia kasia kuugonga mlango wa nyuma. Na kwa upande mwingine imeelezwa kwamba wahudumu wa ndege ndio walioufungua kutoka ndani. Hatuoni haja ya kuwagombanisha mashujaa. Mlango ulifunguka, mhudumu akiwa ndani akifanya wajibu wake na mvuvi akiwa nje akifanya usiokuwa wajibu wake, na watu wakapita katikati ya hao wawili wakaingia mitumbwini.

Lakini Majaliwa hakuishia hapo. Alizamia kuelekea mbele, mahali walipokuwa marubani. Alisimulia kwamba aliwaona kupitia kioo wakiwa hai, na kwamba alijaribu kusaidia mpaka kamba iliyokuwa ikitumiwa ikampiga, akapoteza fahamu, akazindukia hospitali. Marubani hawakuokoka. Kijana huyu baadaye alipongezwa na viongozi, akapewa zawadi ya fedha, na Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza aingizwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ili apate mafunzo.

Agizo hilo lina hekima kuliko zawadi. Zawadi humshukuru mtu kwa jambo lililopita. Mafunzo humwandaa kwa jambo litakalokuja. Hata hivyo tujiulize: je, ufuko wa Nyanza una kijana mmoja tu wa namna hii? Kila mwalo una vijana wanaozamia tangu utotoni na kuyajua mawimbi. Siku ile walifika wengi, na wananchi wengine walisimama ufukoni wakivuta kamba kuisogeza ndege nchi kavu. Tungewafundisha vijana wa kila mwalo, tukawapa kamba, maboya na vifaa vya kupumulia chini ya maji, tungekuwa na jeshi la uokoaji lililo karibu na kila ajali kuliko jeshi lolote linaloweza kutumwa kutoka mjini.

Je, ajali haina kinga?

Tumefika mahali pa kuikabili methali inayosemwa katika kila msiba wa namna hii: ajali haina kinga. Methali ni hazina ya taifa, lakini hazina nayo huweza kutumiwa vibaya. Wazee waliposema ajali haina kinga walikuwa wakimfariji mfiwa, asijilaumu bure kwa jambo lililomshinda. Hawakuwa wakimpa udhuru aliyejaza watu 269 katika chombo cha watu 101. Faraja ya mfiwa ikigeuzwa kuwa kinga ya mzembe, methali imetoka nyumbani kwake.

Kupinduka kwa chombo kuna sababu zake. Mzigo ukizidi, chombo hushuka majini. Ukiwekwa juu badala ya chini, hupoteza uthabiti. Na watu wakikimbilia upande mmoja, mathalani wanapojiandaa kushuka, chombo huinama kwenda upande huo na huenda kisirudi. Mambo hayo yanajulikana, nayo huzuilika kwa vitu vya kawaida kabisa: kuhesabu abiria, kuandika majina, kukataa fedha ya mtu wa ziada, kugawa maboya, kumtii nahodha anayesema chombo kimejaa. Hapana hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji shujaa. Vyote vinahitaji uaminifu wa kila siku.

Ushujaa wa dharura na uaminifu wa kila siku ni ndugu, ila wa kwanza huimbwa na wa pili hupuuzwa. Karani wa gatini anayesema "chombo kimejaa, ngojeni kingine," huku umati ukimtukana, huenda ameokoa watu wengi kuliko mzamiaji hodari kuliko wote, na hakuna atakayelijua jina lake, kwa kuwa ajali aliyoizuia haikutokea. Twapenda wanafunzi wetu waitafakari hali hiyo. Siku zote taifa litakuwa na deni kwa watu wa namna hiyo wasiojulikana.

Mfano mwingine tumeuona hapo hapo Mwanza. Kwa miaka mingi, waliotaka kuvuka ghuba kati ya Kigongo na Busisi walitegemea vivuko, wakingoja kwa saa nyingi, wagonjwa wakiwamo. Mwaka 2025 daraja lenye urefu wa kilomita 3 lilifunguliwa mahali hapo. Daraja halina moyo wa kishujaa. Ni zege na chuma tu. Lakini kila apitaye juu yake hahitaji tena kuokolewa na mtu kutoka katika maji yale. Kazi kubwa ya jamii ni hiyo: kuujenga mazingira ambamo mtu wa kawaida hatalazimika kuwa shujaa ili afike nyumbani. Wenye visiwa, ambao hawawezi kujengewa madaraja, wanadai haki hiyo hiyo kwa njia ya vyombo imara na sheria zinazofuatwa.

Hitimisho

Tumeziona ajali tatu na aina tatu za ushujaa. Upo ushujaa wa kukimbilia hatari, kama wa wavuvi wa Mwanza, Ukara na Bukoba. Upo ushujaa wa kustahimili gizani, kama wa fundi yule wa MV Nyerere. Na upo ushujaa wa kubaki: kuzika, kulea yatima, kurudi kazini, na kuingia tena chomboni ukijua yaliyotokea. Wote umo katika utamaduni wa watu wa ziwa, wala haukuletwa na mtu kutoka nje.

Kwa walimu na wanafunzi wa shule za kandokando ya Nyanza tunalo ombi. Wako bado watu waliookoka mwaka 1996, na wako waliowaokoa. Umri wao unakwenda. Nendeni kwao kwa adabu, mkawaulize ikiwa wako tayari kusimulia, mkaandike yale watakayoyasema, na majina ya wale walioshikana nao mikono majini. Asiyetaka kusema aachwe na kimya chake, kwa kuwa nacho ni haki yake. Kazi hiyo ni historia kamili, sawa na ile inayofanywa katika vyuo vikuu, na isipofanywa sasa haitafanyika kamwe. Majuto ni mjukuu.

Pamoja na hayo, kila kijana wa ufukoni ajifunze kuogelea na kumwokoa mwenziwe, na kila abiria ajifunze kuuliza, kabla ya kupanda: je, jina langu limeandikwa? Swali hilo si la kujivuna. Ni swali ambalo mamia ya watu waliolala Igoma na Ukara hawakupata nafasi ya kuliuliza. Tukiliuliza sisi kwa niaba yao, tena tukadai lijibiwe, tutakuwa tumewaheshimu waliokufa, na tutakuwa tumewapunguzia mzigo wale wavuvi ambao hata leo, wakisikia mayowe kutoka majini, wataziacha nyavu zao na kwenda.